Kadi ya Pili Haijafika

Kompyuta yetu ya kwanza ililetwa nyumbani Kimumu, pembezoni mwa Eldoret, ikiwa imeviringishwa kwa blanketi la kijivu, nyuma ya pikapu iliyokuwa ikipeleka maziwa mjini. Ilikuwa ya mzungu mmoja, mtaalamu wa mbegu za mahindi, niliyemfanyia kazi ya ukatibu katika shamba kubwa upande wa Moi's Bridge. Huko ndiko nilikozaliwa, kwa wazazi waliotoka Mkoa wa Kati wakafungua duka. Mkataba wake ulipokwisha akafungasha vitu vyake, lakini mashine ile akaniachia mimi, akisema mwenyewe hakuwahi kuielewa. Alisema kweli. Alikuwa akiigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kama pasi imeshika moto.

Niseme mapema jambo ambalo watu hukataa kuliamini hadi leo: aliyetaka gemu nyumbani kwetu ni mimi. Si mume wangu, na si watoto, kwa sababu watoto hatukuwa nao bado. Mimi, katibu, mwanamke wa kwaya na wa kushona vitambaa vya kochi. Pale shambani meneja alikuwa na kompyuta yenye skrini ya rangi, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Meneja akienda nyumbani kwa chakula cha mchana, mimi nilikaa kwenye kiti chake nikaruka. Mbingu ilikuwa ya buluu, mashamba ya kijani, na kulikuwa na mto nilioupita nikiruka chini sana bila kugusa maji. Meneja aligundua, akacheka, akanipa nakala ya mchezo huo kwenye diski. Watu waliniambia mambo hayo ni ya wavulana. Sikujua ndege huwa na jinsia.

Basi nikaiwasha mashine yangu Kimumu, nikatia diski, na mashine ikanikatalia. Skrini yake ilikuwa ya kijani kitupu, ya barua tu. Ikaandika mstari mmoja kuwa haina kadi ya rangi, ikanyamaza.

Hapo lazima nieleze kadi, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Picha unayoiona kwenye skrini haitoki hewani. Inatengenezwa na kibao kilichojaa vyuma vidogo vidogo, kinachochomekwa ndani ya mashine. Kibao hicho kinaitwa kadi. Mimi na mume wangu tulikiita kadi kwa sababu hakikuwa na jina lingine, na hata leo vijana wanaojenga mashine za gemu wanakiita hivyo hivyo, na wanabishana vilevile kama wachomeke moja au mbili. Wao wanabishana kwa sauti kubwa dukani na hakuna anayegeuza shingo. Ninawaonea wivu.

Mume wangu alitoka upande wa ziwa, na alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo hapo Eldoret. Kitu chochote chenye waya alikuwa na maoni yake juu yake. Maoni yake juu ya hili yalikuwa kwamba tusiitoe kadi ya kijani, kwa kuwa herufi zake ni safi na barua za watu nilizokuwa nikichapa nyumbani zilitaka herufi safi. Kando yake tuongeze kadi ya rangi, ya zamani kidogo lakini nzima, ambayo rafiki yake wa Nairobi angeweza kumtafutia pamoja na skrini yake. Kadi mbili, skrini mbili. Barua huku, ndege kule. Unaandika amri fupi, hii inalala na ile inaamka.

Mimi nilitaka moja. Nilitaka ile ya zamani ing'olewe na tuweke kadi moja mpya, yenye nguvu, inayojua barua na inayojua rangi. Nilikuwa nimesoma juu yake katika gazeti la mzungu, na nilijua pia ubaya wa ile ya rafiki yake: ilijua rangi nne tu kwa wakati mmoja, na mbili kati ya hizo zilikuwa waridi na samawati iliyopauka, rangi za leso iliyofuliwa mpaka ikachoka. Nani anataka kuruka katika mbingu ya namna hiyo? Tena meza yetu ilikuwa moja. Skrini mbili zikikaa juu yake, sisi tungelia chakula wapi?

Yeye akasema mpya ni ngumu kupata na ikiungua umebaki na giza, bali ukiwa na mbili, moja ikifa nyingine ipo. Mimi nikasema mbili zitagombana. Yeye akasema hazigombani ukizipanga vizuri. Tulibishana tukipika, tukitembea kwenda kanisani, tukirudi kutoka kanisani. Alipozidiwa aliniita nyar Moi's Bridge, maana kwao mke huitwa binti wa mahali alikotoka, na mimi nilipozidiwa nilimwita Mzee, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Usidhani ulikuwa ugomvi. Ulikuwa utamu wa nyumba yetu. Wengine walikuwa na redio, sisi tulikuwa na kadi moja au mbili.

Jumamosi moja tulikwenda sokoni, kisha tukaingia hoteli moja ya chai karibu na hapo. Ilikuwa imejaa. Tukaketi, tukaletewa chai na mandazi, na kama kawaida tukaendelea tulipoachia.

"Mimi nasema mbili," akasema, "na siwezi badilisha."

"Moja inatosha. Ukiweka mbili zitapigana."

"Zitapigana aje? Kila moja iko na kazi yake. Huko nje watu wako na mbili na wanaishi tu vizuri."

"Hiyo tuko nayo sasa imezeeka," nikasema. "Itolewe. Tuweke mpya."

Mhudumu akaja kuuliza kama atuongeze chai. Mume wangu, mdomo umejaa andazi, akainua vidole viwili juu.

Wasomaji wa umri wangu wameshashika vichwa. Kwa wale waliozaliwa baadaye, ni hivi. Miaka ile nchi ilikuwa na chama kimoja, na kila mtu mzima alitakiwa kuwa na kadi yake. Mimi nilikuwa nayo, mume wangu alikuwa nayo, kwa sababu bila hiyo ungeweza kurudishwa mlangoni pa soko na kabichi zako mkononi. Na wakati huo ndipo minong'ono ya vyama vingine ilipoanza kuvuma. Kidole kimoja hewani kilikuwa salamu ya chama. Vidole viwili vilikuwa kesi.

Kwenye meza ya pili alikaa mtu akinywa soda. Hatukumwona. Tulikuwa na mambo yetu.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, vijana wawili wa chama walifika nyumbani. Hawakuvaa chochote cha kuwatambulisha, wala hawakusema wametumwa na nani. Walibisha hodi kwa adabu. Mume wangu alikuwa nje kwenye kijikochi chake akipiga viatu rangi, nami nilikuwa jikoni nikisonga ugali, dirisha wazi. Wakamsalimu, wakamwambia wamesikia ana mambo ya kadi mbili, wamekuja kujua ukweli.

Mume wangu alikuwa amewaeleza watu wa kiwanda kizima habari za kadi zake. Alidhani sifa zimefika mbali. Nilisikia sauti yake ikichangamka kama mtu aliyetembelewa na mkwe.

"Ya pili haijafika," akawaambia. "Lakini kuna jamaa yangu ananiletea kutoka Nairobi."

Mmoja akauliza kama hapa Eldoret wapo wengine kama yeye. Mume wangu akasema kwa sasa ni wachache, lakini wanaongezeka, na kwamba baada ya muda mfupi kila mtu atataka. Kisha, kwa ukarimu wake, akaongeza kuwa hata wao wakipenda anaweza kuwaagizia.

Nayasikia hayo yote kwa masikio yangu, mwiko mkononi, na sishtuki hata kidogo. Nilichofikiria ni kwamba wakikaa kula ugali hautatosha. Hawakukaa. Walishukuru wakaenda zao, na mume wangu akaja jikoni akitabasamu, akisema vijana wa siku hizi wanapenda maendeleo.

Kila ninaposimulia kisa hiki watu huvunjika mbavu hapo. Mimi sijawahi kucheka. Jumatatu asubuhi mume wangu alizuiwa kwenye geti la kiwanda. Aliambiwa kiwanda hakitaki siasa, na kwamba akitaka kurudi kwenye kazi yake alete neno kutoka kwa chifu kuwa yeye ni mtu safi. Ikiwa hana neno hilo kufikia mwisho wa wiki, kuna mafundi wengine wanaosubiri. Alirudi nyumbani kwa miguu, akaketi kwenye kijikochi, akanieleza taratibu, na mimi ndipo nikaunganisha: hoteli, vidole, vijana wale, Nairobi. Mtu aliyejenga maisha yake kwa bisibisi na mikono yake alikuwa anakaribia kuyapoteza kwa sababu ya neno moja lenye maana mbili na mnywaji soda mwenye masikio marefu. Na kwa kuwa mume ni wa upande wa ziwa na mke ni wa Mkoa wa Kati, kulikosemwa ndiko wapinzani wanakotoka, hakuna aliyeona haja ya kuuliza mara mbili. Majina yetu yalikuwa yameshatuhukumu.

Lakini niliamini jambo linaelezeka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, jinsi nilivyoamini. Nilifungua kompyuta, nikang'oa kadi ya kijani, nikaifunga kwa leso safi, nikaitia kwenye kiondo changu, kikapu cha mkonge cha kuvaa begani, nikamwambia mume wangu tuondoke.

Chifu alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alitupa viti. Nilifungua leso juu ya meza yake, nikamweleza kuwa hii ndiyo kadi iliyozungumzwa, na kwamba hiyo ya pili ni ndugu yake, ila ina rangi. Aliichukua, akaigeuza huku na huku, akauliza picha ya mwenyewe inabandikwa wapi. Nikamwambia hii haibandikwi picha, hii ndiyo inayotengeneza picha. Akauliza jina linaandikwa wapi. Nikaanza upya, polepole, kuanzia mzungu wa mbegu hadi ndege, mpaka nikauona uso wake unafunguka. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho, akairudia sehemu ya jamaa wa Nairobi na kucheka tena. Mume wangu naye akacheka kwa kuona tumeokoka. Nilishaanza kuifunga kadi yangu kwenye leso.

Chifu akakunja kitambaa chake akakiweka mfukoni.

"Mama, nimeelewa," akasema. "Lakini hii maneno imeshapanda juu. Nikisema ati ilikuwa makosa, nani ataonekana mjinga? Afadhali mzee akuje baraza, aseme ako na kadi moja na hataki ya pili. Tumalize hivyo, arudi kazi."

Ningemsamehe mtu asiyejua. Wasiojua nimeishi nao maisha yangu yote, na mimi mwenyewe kuna mengi sijui. Huyu alijua. Alikuwa amejua dakika ile ile, machozi ya kicheko bado yako kwenye kope, na bado akataka mtu asiye na kosa asimame mbele ya majirani kuomba radhi, ili wakubwa wasionekane walikimbizana na kipande cha kompyuta.

Nikamuuliza je, maneno yangu mimi hayakuandikwa? Kwa sababu huyu alitaka mbili tu, lakini aliyesema ya sasa imezeeka itolewe ni mimi. Kama kuna mchochezi katika chumba hiki, basi anatoka Moi's Bridge. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zake zote.

"Wewe ni mama wa nyumba," chifu akasema, bila ubaya wowote. "Maneno ya mama hatuandikangi."

Sijui ni kipi kilinichoma zaidi, kwamba mume wangu alishtakiwa kwa neno ambalo hakulisema, au kwamba mimi nililisema na halikuhesabiwa kuwa neno. Nilitoka pale nikiwa nimebeba matusi mawili, na hata leo sijajua lipi nitue kwanza.

Baraza lilikuwa siku mbili baadaye, kwenye nyasi mbele ya ofisi hiyo hiyo. Wazee walikaa kwenye mabenchi, sisi akina mama chini upande mmoja. Walianza na habari za dipu ya kuogeshea ng'ombe, wakaja kwenye mpaka wa shamba la mtu na jirani yake, wakamwita mume wangu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi ile, na nilipokuwa nikilipiga pasi nilikuwa nikilia kwa hasira, si kwa huzuni, naomba watu watofautishe.

"Mimi niko na kadi moja," akasema. "Ya pili sitaki."

Mtu mmoja kutoka mbele akamwambia aonyeshe kwa mkono. Akainua kidole kimoja. Wakapiga makofi. Mama aliyekaa karibu nami akanipapasa goti, akaninong'oneza nimshukuru Mungu, mzee wangu ameona mwanga.

Muelewe hasira yangu. Sentensi ile niliipigania kwa wiki nyingi. "Niko na kadi moja, ya pili sitaki." Nilikuwa nimeshajipangia jinsi nitakavyoisikia: jikoni kwetu, yeye akinimiminia chai na uso wa mtu aliyeshindwa, nami nimchokoze kwa hilo mpaka mvua ije na iishe. Ilikuwa ushindi wangu, wa nyumbani mwangu, na ningeupata, maana alikuwa ameanza kulegea. Watu wale waliingiza mkono ndani ya nyumba yangu wakauchukua, wakaupigia makofi kana kwamba ni wao walioubishania. Na uso aliokuwa nao mume wangu kidole kikiwa juu haukuwa ule niliousubiri. Hakuwa mtu aliyeshindwa na mke wake. Alikuwa mtu anayeangalia nyasi.

Chifu akampa neno lake la kwenda nalo kiwandani. Tukaondoka kwa miguu, watu wa baraza mbele yetu na nyuma yetu, kiondo changu begani na kadi ya kijani bado imo ndani, kwa kuwa niliibeba siku hiyo pia nikitumaini kuna atakayeuliza. Tulitembea mpaka karibu na njia ya kwetu. Kisha akajitahidi, maskini, kutafuta ile sauti yetu ya zamani.

"Basi, nyar Moi's Bridge," akasema. "Umeshinda. Kadi moja."

Nilisimama katikati ya barabara.

"Ambia rafiki yako alete hiyo ingine."

"Si ulisema moja?"

"Nilisema moja ukiniuliza wewe."

Alinitoa kiondo begani, akakitia begani mwake, na katika Eldoret ya siku zile mwanamume hakubeba kiondo cha mke wake mbele za watu. Alikibeba hivyo mpaka nyumbani, tukipishana na wote waliokuwa wamempigia makofi.

Kadi ya pili ilifika kutoka Nairobi ndani ya kartoni ya biskuti, na skrini yake nyuma ya gari la mtu. Kila nililosema lilikuwa kweli. Zilikuwa rangi nne. Ndege ilikuwa ya waridi, na mto wangu ulikuwa rangi ile ile ya mbingu, hata sikujua niko juu au nimezama. Mara ya kwanza zilipochomekwa pamoja ziligombana kama nilivyotabiri, skrini zote zikawa giza, na mume wangu akashinda Jumamosi nzima akizipatanisha. Meza ilijaa, tukala sahani zikiwa mapajani. Nilichukia kila kitu kuhusu kadi ile na sikukubali itolewe.

Mume wangu alitaka tuifunike skrini ya pili wageni wakija. Nilishona vitambaa viwili, vya kupamba, vya kuwekwa juu tu, visivyoficha chochote.

Miezi michache baadaye, chama kikiwa bado ni kimoja, mmoja wa wale vijana wawili alipita akichangisha pesa za harambee. Mume wangu alikuwa kazini. Kijana alisimama mlangoni, akaona meza, akaona skrini mbili zimekaa kando kando, moja ina barua ya mtu na nyingine ina ndege yangu imesimama hewani ikinisubiri. Akauliza ile nyingine ni ya nini.

"Hiyo ndiyo ya pili," nikamwambia. "Ilifika."

Alitazama skrini, akanitazama mimi, na nikaona amekumbuka.

"Enda uandike," nikasema. "Useme ni mama wa nyumba amesema."

Nilimtolea mchango wake, akaupokea kwa mikono miwili, akaaga. Nilingoja wiki hiyo na iliyofuata. Hakuandika.